Vilundo Thelathini na Sita

Huko mtaani Katuba ukiulizia nyumba ya Émile Chishimba, watakuuliza kwanza, "Émile yupi, ule wa jicho?" Ndiye huyohuyo. Mtu wa miaka hamsini na minne, kofia ya kazi kichwani hata Jumapili, na sifa yake ilikuwa moja: ukimpa jiwe, hujafunga mdomo ameshakuambia lina shaba au halina, na kama linayo ni ya kiasi gani. Watu walicheka, wakaenda kupima, na vipimo vikamtetea. Basi mzee wa watu akavimba kichwa, nami simlaumu, maana sifa ni tamu na hakuwa na nyingine.

Jicho lenyewe alilirithi. Baba yake alisimama miaka ishirini mbele ya mkanda wa mgodi uliopitisha mawe, kazi yake kunyakua yale ya kijani, yenye shaba, na kuyaacha yaliyokufa yapite. Jioni alimkalisha mwanawe kizingitini na rundo la kokoto, na kila mtoto alipoliacha la kijani likapita, alikula konzi. Ndivyo mkono wa Émile ulivyojifunza kuchagua kabla kichwa hakijaambiwa.

Mkono huo ndio uliompatia kazi ya kuchukua sampuli katika maabara moja ndogo ya madini, barabara ya Kipushi. Na sasa ona ajabu ya kazi yenyewe: mchukua sampuli haruhusiwi kuchagua. Anakwenda kwenye lundo la mawe, anatandaza kamba, anagawa miraba, anapiga kigingi katikati ya kila mraba na kuchota hapo kwa koleo chochote kilichopo, kizuri na kibaya, vumbi na takataka. Asipofanya hivyo, maabara itapima mapenzi yake, haitapima lundo. Émile aliyajua haya vizuri kabisa. Kila mwaka aliwafundisha vijana wa mazoezi na kuwafokea wakikosea.

Mwaka jana injinia mmoja wa maabara hiyo, Djamila, binti wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema, alipewa utafiti wa kwanza wenye jina lake juu ya jalada. Ushirika mmoja wa wachimbaji ulikuwa na lundo la mabaki ya mgodi uliofungwa zamani, njia ya kuelekea Kinsevere, nao ulitaka kujua kama shaba iliyomo inaweza kutolewa kwa povu. Yaani mawe husagwa yakawa unga, unga ukatiwa maji na dawa ndani ya chombo kinachopulizwa hewa, shaba ikapanda na povu, ukaikwangua juu. Siku ya kuchukua sampuli Djamila alikuwa na mtihani wa mwisho wa masomo yake ya jioni chuoni, kwa hiyo hakupanda lundo. Aliwaambia wenzake ofisini, Émile akisikia:

"Papa Émile akienda, ni sawa na miye mwenyewe nimeenda."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Émile alipiga vigingi thelathini na sita, na mraba wa kwanza aliuchota kama sheria inavyotaka. Akatazama ndani ya mfuko: mawe ya kijivu, matupu, mabaya. Akaona haya. Mtoto amemsifu mbele ya watu, naye amrudishie takataka? Ilikuwa kama kumwandalia mgeni chakula kilicholala. Mkono ukaanza kazi yake ya zamani. Ukatoa la kijivu hapa, ukaongeza la kijani pale, na kando ya kila kigingi kikabaki kilundo kidogo cha mawe yaliyokataliwa. Jua lilipopinduka alirudi mjini anapiga mluzi.

Sampuli ilitoa asilimia tatu na nukta tisa ya shaba. Mkurugenzi, bwana Mwape, alimpa Djamila mkono mbele ya wote. Watu wa ushirika wakaenda kuchimba mabeseni ya maji kwa majembe, miezi miwili, akina mama na watoto wao mgongoni.

Siku ya kujaribu mtambo mdogo pale pale kwenye lundo, povu lilipanda jembamba na la kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Djamila akaongeza dawa. Akapunguza hewa. Akabadilisha maji. Mama Abigaïl, rais wa ushirika, akasogea akatia kidole ndani ya povu, akakitazama.

"Hii njo shaba yenye mulituambia, mama injinia?"

Djamila akainamia tena bomba la hewa. Jibu alikuwa nalo Émile. Akajitenga polepole, akapanda lundo, akavikuta vilundo vyake vimetulia kando ya vigingi, hesabu kamili, kila kimoja kikisema jina lake. Angeweza kushuka na kusema. Badala yake aligeuka kuona kama kuna anayemfuata, kisha akaanza kuvipiga teke. Mtu mzima, baba wa watoto watano, akirusha mawe kwa buti huku jasho likimtoka, mpaka vyote thelathini na sita vikatawanyika na kuchanganyika na lundo. Aliposhuka alijipangusa suruali, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Mkutano ulifanyika Jumatatu. Bwana Mwape alipima mara mbili unga uliosagwa siku ya mtambo, akapata asilimia moja na nukta moja. Akauliza kosa limeingilia wapi. Émile alikaa karibu na mlango, maneno yako tayari mdomoni. Djamila akatangulia.

"Kosa ni yangu, directeur. Sikupanda lundo miye mwenyewe."

Wakamvua utafiti, wakamweka dirishani kupokea mifuko ya wateja na kujaza karatasi. Émile aliyameza maneno yake pamoja na mate. Kila asubuhi ilimbidi apite mbele ya dirisha lile, na kila asubuhi binti alimsalimia, "Jambo, Papa Émile," naye akaitikia akitazama viatu vyake.

Aibu hiyo ilimkondesha. Mkewe Régine alimwambia mezani, ugali ukipoa mbele yake, "Weye uko na nini? Hata bukari unakula kama dawa." Jirani akamletea jiwe alitazame, akalisukuma. "Siyue," alisema. "Miye siyue mabwe." Jirani akadhani huko kusema hajui mawe ni maringo, akaondoka amenuna, na wala hakuna aliyejua kwamba hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolisema Émile mwezi mzima.

Jumamosi moja alijikaza, akachukua kamba na koleo, akaenda peke yake. Akagawa miraba upya, akachota kila kilichokuwepo. Kwenye mraba wa kumi na moja palikuwa na jiwe la kijani zuri ajabu, shibiri moja nje ya kamba. Mkono ulimwasha. Akaliacha. Ilimchukua siku mbili, na Jumapili hakwenda misa.

Jumatatu alipanga foleni dirishani na mifuko yake kama mteja yeyote, wateja wanne mbele yake, watatu nyuma. Zamu yake ilipofika Djamila alivuta karatasi bila kuinua macho.

"Jina ya mwenye kuchukua sampuli?"

"Émile Chishimba."

"Fasi gani?"

"Kwa lundo ya ushirika. Ile ile."

Hapo akainua macho.

"Namna gani ulichukua?"

"Bila kuchagula."

"Na ile ya kwanza?"

Nyuma yake watu walisogea wapate kusikia. Alitamani ardhi impasukie, haikupasuka.

"Ile ya kwanza nilichagula," alisema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyokusudia. "Nilitosha mabwe ya mubaya, nikatia ya muzuri. Nilisikia haya kukuletea buchafu. Kosa haikukuwa yako. Andika vile, directeur asome."

Djamila akaandika, neno kwa neno, akapiga muhuri. Émile alingoja atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu alfajiri, na angeyapokea kwa shukrani. Binti alikunja karatasi mara mbili.

"Nilikuwa nayua," alisema.

"Uliyua tangu lini?"

"Tangu siku ya povu. Nilikufuata nikuulize kama uko mugonjwa. Nilikuona kule juu, uko unapiga vilundo teke."

Émile alishika ukingo wa dirisha. Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa.

"Sasa juu ya nini haukusema kwa mukutano? Ungenisema tu!"

"Ningesema nini?" Hapo ndipo Djamila alipoiweka kalamu chini. "Nilikuwa nakuita papa mbele ya bantu bote. Ningekuita muongo mbele yabo namna gani? Nilisema ngoja, ule ni muzazi, atasema yeye mwenyewe. Siku arobaini na moja nilingoja."

Akavuta mifuko ndani, akaiweka chini taratibu, akamkabidhi kipande cha risiti chenye namba.

"Utapita kesho kwa matokeo, Papa Émile," alisema, akamwita aliyefuata.