Simu Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Naikumbuka asubuhi moja ya msimu wa mavuno, hapa kwetu nje kidogo ya Rongai, nilipomwacha mke wangu jikoni nikaondoka na kitu pekee ambacho kingeweza kumpigia kelele za hatari. Sikukiiba. Kilikuwa mfukoni mwangu, mahali kilipokaa siku zote, na hakuna mtu katika boma letu ambaye angeniuliza kwa nini. Keti, mwanangu, nikueleze. Siku hizi nimechoka, na maneno yangu huja polepole kama ng'ombe mzee anayerudi zizini, lakini yatafika.

Mke wangu, Mama Wanjiku, ana kisukari, na amekuwa akijidunga insulini kwa miaka mingi. Zamani alikuwa akitoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kimashine, asubuhi na jioni, mpaka ncha za vidole vyake zikawa ngumu kama za fundi viatu. Ndipo binti yetu Wanjiku, anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Naivasha, akamletea kifaa kipya. Ni kidude cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti, kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kina kiuzi kinachoingia chini ya ngozi, na kila baada ya muda mfupi kinatuma kipimo cha sukari kwenye simu. Sukari ikishuka sana, simu inalia. Ikipanda sana, inalia. Wanjiku akaunganisha na simu yake mwenyewe, ili aone hali ya mama yake akiwa kazini.

Sasa hapo pa simu ndipo ubaya ulipojificha. Nyumba yetu ilikuwa na simu moja tu ya kioo, na simu hiyo ilikuwa yangu. Mama Wanjiku alikuwa na ile ndogo ya vibonyezo. Hatukuketi tukaamua hivyo. Ndivyo mambo yalivyo kwa wazee wengi wa huku. Simu nzuri ni ya baba, kama kiti chenye mto. Nikiwa nyumbani kifaa kilisomeka, nami nikijiona daktari. Nilisoma hadi kidato cha nne, mwanangu, na hesabu nilizipenda. Namba zile zilinipa raha, nakiri. Niliamka nazo, nikazitangaza mezani kama mtu anayesoma habari redioni.

Muuguzi wa kliniki mjini Nakuru alikuwa ametuita sote wawili atufundishe kutumia kile kifaa. Mama Wanjiku aliingia. Mimi nilibaki nje nikiota jua na wazee wenzangu, tukiongea mambo ya bei ya mahindi, kwa sababu niliona mafunzo ya sindano ni ya wagonjwa. Kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliona kusikiliza ni kazi ya watu wengine.

Kifaa cha kwanza hakikumaliza hata juma. Mama Wanjiku alikuwa ameoga akajipaka mafuta mwili mzima, nami nikakibandika juu ya mafuta hayohayo. Kilidondoka zizini akikamua, ndama akakitafuna. Tulicheka sana. "Sasa tutajua sukari ya ndama," alisema, akijishika mbavu. Cha pili nilikibandika nikaapa hakitanitoka. Nikachukua blada, ule mpira wa tairi kuukuu tunaofungia mizigo kwenye baiskeli, nikaukata kipande, nikamfunga nao mkono juu ya kifaa. Nikakaza. Nikajipongeza kwa ufundi wangu.

Basi asubuhi ninayokwambia, nilikaza ile blada upya kabla ya chai. Baada ya muda simu ikalia. Namba ilikuwa imeshuka mno.

"Mama Wanjiku, sukari yako iko chini."

"Mbona mimi niko sawa?" Alikuwa akipeta maharagwe, mikono haimtetemeki, hana jasho. "Sisikii kizunguzungu, sisikii njaa. Hebu niletee kile cha kidole nijipime."

"Cha kidole cha nini? Hii mashine inaona ndani. Inajua kuliko wewe."

Hayo ndiyo maneno yangu, mwanangu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Nikamkorogea chai kikombe kikubwa, sukari hadi kijiko kikasimama, nikamsimamia mpaka akaimaliza. Baadaye akalegeza blada mwenyewe kwa sababu mkono ulikuwa ukimfa ganzi. Mara namba ikaruka, mshale wa kando yake kwenye simu ukaelekea juu. Nikaleta insulini. Akaidunga, kwa kuwa alikuwa amechoka kubishana nami. Nikangoja kidogo, nikaangalia, mshale bado uko juu.

Na hapo hapo simu ikaita. Alikuwa dalali wa mahindi, kijana mmoja wa pale sokoni.

"Mzee, niaje? Lori iko hapa. Ukikawia najaza ya wengine, usinilaumu."

Nilikuwa na magunia yangu ghalani kwa jirani wa sokoni, na mvua ilikuwa inatishia. Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa hivyo nikiwa sijaota hata ndevu, na bado nikamwambia mke wangu, "Ongeza nyingine, hii ya kwanza haijashika." Akanitazama. "Si imeingia sasa hivi tu, Baba Wanjiku?" Nikasema mshale haudanganyi. Akaongeza. Nikaizima sauti ya simu isinisumbue kwenye biashara, nikaitia mfukoni, nikashika njia.

Pale sokoni Rongai tulikuwa katikati ya kupima magunia Wanjiku aliponipigia. Nikaona jina lake linamulika kwenye kioo, nikakata. Akapiga tena, nikakata. Dalali akacheka na wapagazi wake.

"Mzee unasakwa! Kwani umelala wapi?"

"Ni mtoto," nikasema, nikicheka nao. Alipopiga mara ya tatu, nikashika kwa hasira.

"Baba, hiyo simu uko nayo wewe?"

"Si ndiyo hii unaongea nayo?"

"Na mum yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Wanjiku, niko na watu."

Nilisikia mashine za mahali anapofanya kazi zikinguruma nyuma yake.

"Baba, nisikize. Kile kifaa hakiwezi kufika Rongai. Kinafika mita chache tu, simu ikienda mbali mstari wa vipimo unakatika. Mimi naona mstari umekatika, na kabla haujakatika ulishuka mno kisha ukaruka juu. Nimempigia kwa ile ndogo, hashiki. Baba, nenda nyumbani. Tafadhali nenda."

Sijui niliyaacha vipi yale magunia. Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, na njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba ameenda kuteka maji, ameacha simu kitandani, ataniona nikishuka na kunicheka. Nilipofika mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ungo umepinduka, maharagwe yametapakaa sakafuni, na kiatu chake kimoja cha plastiki kiko kando ya moto. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na harufu ambayo sitakueleza.

Jirani yetu, Mama Kiprop, alikuwa amekuja kurudisha kichungi, akamkuta amelala kando ya mafiga, mkono wake wa kulia ndani ya makaa, wala hajui. Alimvuta, akamlaza ubavu, akaita wanawe, wakampakia kwenye pikapu ya maziwa. Hakumtia kitu mdomoni, na daktari alisema alifanya vyema, maana mtu aliyezimia hanywi, anapaliwa. Walikuwa wameshamfikisha hospitali wakati mimi nasimama pale jikoni nimeshika simu nzuri.

Nilikaa kwenye benchi la hospitali mchana kutwa nisijue kama nitarudi nyumbani na mke au na jeneza. Walimwekea maji ya sukari mshipani. Alipofumbua macho alinitafuta, akaniona, akauliza kwa sauti ndogo:

"Umeuza?"

Mwanangu, kuna matusi ambayo hayaumi kama swali lile.

Dada yake mkubwa, Nyambura, alifika kutoka Lanet jua likiwa limeshuka. Ni mama mwenye umri kunipita, na mdomo wake hauna mlango. Alimtazama mdogo wake, akautazama ule mkono uliofungwa bandeji, kisha akanigeukia mimi.

"Alikwambia anajisikia vipi asubuhi?"

"Alisema yuko sawa."

"Na wewe ukamjibu nini?" Nikajifanya nanyoosha shuka. "Nakuuliza wewe, Baba Wanjiku."

"Nilimwambia mashine inajua kuliko yeye."

Akatikisa kichwa taratibu. "Umekula na huyu mtu, umelala na huyu mtu, umezaa naye, halafu ukaona uiulize simu. Nami nikija kwako na njaa, utafungua simu uangalie kama nimekula?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimejifanya najua kunguni wote wa kitanda cha mwenzangu.

Yule muuguzi wa kliniki, nilipomrudia, hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alichukua kile kipande cha blada nilichompelekea, akakigeuza kwenye vidole vyake, akanieleza polepole. Kifaa kikifinywa, iwe kwa kufungwa au kwa kulalia mkono, kinasoma chini wakati sukari iko sawa. Hakipimi damu yenyewe, kinapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, kwa hiyo namba yake huja nyuma ya damu, kama mwangwi unavyokuja nyuma ya sauti. Na insulini haimalizi kazi kwa dakika. Inakwenda kwa saa kadhaa, na ukiongeza juu ya ile ambayo haijaisha, zote mbili zitamvuta mtu chini pamoja. Yote hayo alikuwa ameyasema siku ile mimi niko nje naota jua.

Leo mke wangu yu hai, namshukuru Mungu. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Hawezi kukamua, wala kupeta, wala kusuka vikapu alivyovipenda. Mimi ndiye ninayekamua, naye huketi kwenye kigoda kando yangu. "Unakamua au unapiga kengele ya kanisa?" huniuliza. Ng'ombe naye hunigeukia kana kwamba anakubaliana naye. Nacheka, kwa sababu yeye anataka nicheke. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na wangu amehamia kwangu kabisa, tunaamka pamoja.

Simu ya kioo sasa ni yake. Iko kwenye mfuko wa aproni yake, akienda chooni inaenda naye. Mimi natembea na ile ya vibonyezo. Pale sokoni walinicheka. "Mzee amepokonywa simu!" Nikawaambia ndiyo, nimepokonywa, na ningeomba ningepokonywa mapema.

Basi sikia, wewe ambaye umeletewa kifaa hiki, au unayemtunza anayekivaa. Ni kitu kizuri, sikikashifu. Kibandike kwenye ngozi safi iliyokauka, isiyo na mafuta, na kikitaka kubanduka tumia plasta laini waliyokupa kliniki, usikikaze kwa mpira wala kitambaa. Usikilalie. Kikiwa kipya usikiamini sana siku yake ya kwanza. Dawa yoyote unayomeza, hata ya mafua, mwambie muuguzi, maana zipo zinazokichanganya. Simu ikae na mgonjwa, si na mwenye boma, na sauti yake usiizime kwa sababu ya dalali wala ya mhubiri. Kile kimashine cha kidole usikitupe: namba ikisema hivi na mwili ukisema vile, toboa kidole kwanza. Lakini mwili ukitetemeka na jasho likitoka, usisubiri namba, mpe kitu kitamu. Na insulini usiiongeze juu ya insulini kwa pupa. Fuata kipimo ulichopewa na daktari, na ukiwa na shaka mpigie. Ukiitwa kwenye mafunzo, ingia ndani. Jua la nje halitaisha.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili, kwa ruhusa yao, mimi nasema aulizwe. Aulizwe kila mara, na akijibu asikizwe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mikono mizima mpaka uzeeni, na chakula cha kushika. Akupe mtu wa kukutazama usoni kabla hajatazama kioo, na siku utakapomwambia "niko sawa" au "siko sawa," akuamini.