"Had" ya Madame Zaina ilivyorudisha nyumba yake Mikelenge

Wakuu, habari za muda huu.

Leo sileti stori ya kusimuliwa. Hii imetokea kwetu Kindu, Kongo, na mimi nilikuwepo. Ninayemsifia bado yuko hai, kwa hiyo nikitia chumvi nitasutwa.

Humu wengi mnalia na past perfect. "Had eaten, had gone, inatumika lini?" Mimi nilifundishwa wakati wa vita, na haijanitoka hadi leo.

Shule zilikuwa zimefungwa. Madame Zaina, mwalimu wa Kiingereza, akawa anatukusanya nyumbani kwake, mtaa wa Mikelenge. Treni haziji, chaki hakuna. Basi yule mama akawa anaandika mlangoni kwa kipande cha muhogo mkavu!

Somo likiisha, tunagombania chaki na kuila. Msicheke, njaa ilikuwepo.

Formula hakutupa. Alikuwa anamsimamisha mtoto mmoja mbele: "Wewe ndiye the rain came." Kisha anamweka mwingine nyuma yake, mkono begani kwa mwenzake: "Wewe ulitokea kabla yake. Wewe ndiye we had cooked."

Kwisha. Kilichotangulia kinasimama nyuma na kumshika mwenzake bega. Yule mama ni kichwa, jamani!

Baadaye vita vikaingia mtaani kwetu, tukakimbilia porini upande wa Kailo. Tuliporudi, tukakuta baba mmoja amehamia nyumbani kwa Madame. Hakutoka.

Madame akaenda kukaa kwa dada yake. Miaka yote hiyo akienda sokoni anapita mbele ya mlango wake mwenyewe, na anamsalimia yule baba. Mimi nisingeweza.

Sasa juzi juzi likaja shirika la kupatanisha wenye ugomvi wa viwanja. Mpatanishi ni mama mgeni, Kifaransa hajui, Kiswahili ndiyo kabisa, ni Kiingereza tu. Mkalimani nikawa mimi.

Madame mwenyewe angeongea naye vizuri kuliko mimi, ila kiharusi kimemnyang'anya maneno. Anasikia kila kitu, kusema hawezi. Na karatasi zake zilipotea katika kukimbia. Akishindwa siku hiyo, nyumba imekwenda moja kwa moja.

Majirani wakaja kumtetea, kwa moyo mweupe kabisa. Kila mmoja anaanza hivi: "Tulikimbia, tukarudi, tukamukuta huyu baba ndani."

Wakuu, kwetu hesabu zote zinaanzia kukimbia. Muulize mtu umri wa mtoto wake, atakuambia alizaliwa tukiwa porini. Hakuna aliyedanganya. Lakini mgeni anaandika tu kwamba baba yule ndiye aliyekuwa ndani. Nikaona nyumba inakwenda.

Nikamwomba mgeni ruhusa ya kuuliza swali moja. Akakubali.

Nikamsogeza jirani mmoja, Mama Amina, katikati ya watu, nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "njo" ni "ndiye": "Mama, simama hapa. Wewe njo kukimbia. Sasa kabla yako, nani alikuwa amekwisha kujenga pale?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Eh! Si njo Madame Zaina! Unauliza nini, na wewe ulisomea pale? Watoto wangu walikula muhogo yake ya kuandikia!"

Watu wakacheka. Yule baba hakucheka. Akainamisha kichwa, kisha akasema taratibu: "Ni kweli. Nilikuta mulango iko na maandishi. Nikaifuta."

Nikamgeukia mgeni: "She had built the house before they fled."

Hapo nikahisi mkono begani. Madame alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, amesimama nyuma yangu, amenishika kama tulivyokuwa tunashikana darasani. Mtu mzima mimi, nililia mbele ya wageni bila aibu.

Yule baba alikubali kuhama, akaomba amalize kwanza kuvuna muhogo wake. Akavuna, akahama, na Madame amerudi kwake. Jumapili nilimpelekea chaki za dukani, akazitazama, akacheka upande mmoja wa mdomo.

Nilichojifunza: ukisimulia jambo lako, usianzie pale ulipoumia. Sema pia kilichokuwepo kabla.

Haya wadau, uwanja wenu. Nani alikufundisha kitu hujakisahau hadi leo? Mtaje hapa chini, na kama yuko hai, mpigie simu kwanza.