Kompyuta ya Mwalimu wa Ikonge

Pale Keumbu nimezoea kutengeneza kompyuta kuukuu, nyingi zikiwa za maofisini. Ile niliyoitiwa Ikonge ilikuwa ya aina nyingine: ndogo, kibodi na mashine vyote ndani ya ganda moja jeusi, ya kuunganishwa na televisheni. Mwenyewe, mwalimu mstaafu wa hisabati, alikuja nayo kutoka ng'ambo alikosomea ujanani. Siku hizo umeme haukuwa umefika kwao. Ulipofika, mashine ilikataa kuwaka.

"Fundi, mimi sijawahi kuiona ikifanya kazi," mkewe aliniambia huku akinimiminia chai. "Ananisimulia tu. Nimeipangusa vumbi tangu nilipoolewa, kama picha ya marehemu."

Mwalimu alicheka.

Niliifungua mezani karibu na mlango, kwenye mwanga. Mende walikuwa wametaga ndani, na utepe mwembamba wa plastiki unaounganisha kibodi na bodi ya saketi ulikuwa umepasuka nchani. Nikasafisha kwa brashi na spiriti, nikabadilisha kapasita zilizovimba, nikaukata utepe pale ulipokufa na kuurudisha mahali pake. Nilikwenda taratibu, maana utepe kama ule ukiharibika zaidi huna pa kununua mwingine. Transfoma nayo ilikuwa imeungua kitambo. Nikaunganisha nyingine niliyokuja nayo, baada ya kuipima vizuri.

Tukaichomeka kwenye televisheni yao ya kichogo. Nikatafuta stesheni polepole. Chenga, chenga tupu, kisha kioo kikawa cheupe, na chini kabisa ukatokea mstari wa maandishi.

Mwalimu akavuta kiti. Akaweka vidole kwenye kibodi, akaviacha pale. Tukangoja.

"Nimesahau," alisema mwishowe. "Yote. Hata neno la kwanza."

Sikujua nitazame wapi. Lugha ya mashine ile hata mimi sikuifahamu. Nilichoweza ni kuiwasha. Mkewe akatua birika, akajifuta mikono kwa leso, akamsukuma kidogo begani.

"Sogea, baba. Hebu nijaribu mimi."

Akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaandika jina lake, akisaka kila herufi kana kwamba anachagua mawe kwenye mchele. Nikamwonyesha kitufe cha kumalizia. Mashine ikajibu kwamba kuna kosa.

"Unaona? Hainijui."

"Sivyo," mwalimu akadakia. "Umeliacha wazi. Jina hulitia ndani ya alama za kunukuu. Na kabla yake..." Akakikazia kioo macho. "Kabla yake unaiamuru iandike. Ngoja. Ngoja kwanza."

Akainama kando ya mkewe, akaandika kwa kidole kimoja. Jina la mkewe likatokea peke yake katikati ya weupe ule. Mwalimu akaongeza mistari mingine miwili, sasa bila kusita, na jina likaanza kujirudia, likashuka hadi likajaa kioo kizima.

Yule mama akaruka kutoka kitini. Akatoka nje, akawaita kwa Ekegusii majirani waliokuwa wakichuma majani chai upande wa pili wa ua: waje, waje wamwone alivyoandikwa.

Walikuja na vikapu vyao mgongoni, wakajazana mlangoni wakicheka. Mwalimu hakugeuka. Alishaufuta ule ukurasa na kuanza kuandika kitu kingine, midomo ikichezacheza, mgongo wake umenyooka.