Mkate wa Ulanzi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimezaliwa milimani juu ya Mbeya, kwenye baridi ya kupasua midomo. Shule niliiacha darasa la pili, maana mwalimu alitaka nihesabu vijiti wakati mimi nyumbani nilikuwa tayari nahesabu ng'ombe. Nimebeba magunia ya kahawa Mbalizi kabla sijaota ndevu, nimepika jikoni kwa mzungu Iringa, na leo nina matanuri matatu ya matofali na mkate wangu unajulikana mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuniona. Mtu aliyepita huko kote atashangazwa na nini? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema hata miaka ile ya hamsini, nikiwa na tanuri moja tu la udongo pale Kihesa, na nilisema kwa sauti. Nilikosea siku moja tu, na siku hiyo naieleza mwenyewe kwa sababu watu wanaisimulia vibaya.

Kwanza mjue kwamba mkate niliupenda. Nilifundishwa na mke wa yule mzungu, mwenye shamba la tumbaku, mama mkali aliyenichapa mwiko mkononi kila nilipokanda kivivu. Mwezi wa tatu akaacha kunichapa. Mwezi wa nne akaacha kabisa kuingia jikoni. Unga wa ngano una tabia zake: ukiubembeleza unalala, ukiupiga unaamka. Na raha ya kufunua kitambaa ukakuta donge limeumuka, limejaa karai kama shavu la mpiga tarumbeta wa kanisani, hiyo raha sijaipata kwenye kitu kingine, na vitu nimejaribu vingi.

Ila hela haikuwepo. Iringa ya wakati ule watu walikula ugali, mkate ulikuwa wa sikukuu na wa wagonjwa. Mgonjwa akipona, nimepoteza mteja. Mwezi mzuri, nikishatoa unga na kuni, nilibaki na shilingi arobaini.

Basi masika ya mwaka mmoja ikaja barua kutoka kwa tajiri wangu wa zamani wa Mbalizi. Alitaka mtu wa kushika mizani kwenye ghala lake la kahawa, mtu asiyeogopa kelele za wakulima, na akanikumbuka mimi. Shilingi mia na ishirini kwa mwezi, na nyumba ya bati juu. Barua aliileta dereva wa lori lake, akanisomea yeye mwenyewe, maana kusoma kwangu mimi ni kwa kubahatisha.

"Jumapili ya Pasaka saa tisa napita kukuchukua," akasema. "Nisipokukuta tayari, shauri yako. Kuna wanaume sita wanaililia hiyo mizani."

Sasa, nilikuwa na mchumba hapo hapo Kihesa. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkavu, adui mkubwa wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kila masika, mianzi ikianza kugemwa na watu wakaanza kutembea upande upande, yeye alisimama kanisani akawataja walevi mmoja mmoja, tena kwa majina ya baba zao. Nilikwenda kwake kumpa habari, nikakuta ameshazipata.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Nasikia umeitwa Mbalizi. Unaenda?"

"Bado nafikiri, mzee."

"Unafikiri nini? Mia na ishirini mtu anafikiri?" Akaweka fimbo yake chini. "Sikia, kijana. Binti yangu haolewi na mtu wa unga. Kashike mizani, rudi na mshahara wa miezi sita, tutaongea. Ukitaka kubaki na mikate, baki nayo, ikuzalie watoto."

Halafu mzee huyo huyo akaniagiza mikate arobaini kwa chai ya Pasaka, ya wazee wenzake na kwaya, uani kwake baada ya ibada. "Iwe ya kuagana," akasema.

Binti nilimkuta njiani akitoka mtoni na ndoo yake. Nikamwambia maneno ya baba yake.

"Sasa we unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi nilikupenda unanukia mkate. Ukija unanuka magunia, utajitambulisha upya."

Akapita zake, hata maji hayakumwagika.

Alhamisi hamira ikaniishia. Nikaenda kwa Mhindi dukani. Lori la bidhaa lilikuwa limelala kwenye tope karibu na Ilula, siku ya tano hiyo. "Hamira hapana," akaniambia. "Kesho. Kesho kutwa. Mungu anajua." Nilizunguka mji mzima mpaka Ijumaa jioni. Waokaji wenzangu wawili walikuwa wameshafunga milango, wamekaa kibarazani wanakuna vichwa.

Mimi si wa kukuna kichwa. Jumamosi asubuhi jirani yangu mgema alipita na kibuyu cha ulanzi, povu linamwagika mdomoni mwa kibuyu na kumchirizikia mkononi. Nikalitazama lile povu. Hamira ni nini, kama si kitu cha kutoa povu? Nikamwomba anipe mkangafu, yaani ule uliokaa siku kadhaa ukakolea, nikakandia unga wote, nikafunika na kitambaa safi, nikakaa kando kama mtu anayesubiri mke wake ajifungue. Kufika saa sita kitambaa kilikuwa kimepanda chenyewe. Nikachoma kuni, nikaoka. Jamani! Ganda la rangi ya asali, ndani laini, ukibonyeza kwa kidole mkate unakirudisha. Nikakaa kwenye benchi mbele ya mikate arobaini, nikajiuliza swali moja tu: mizani inaumuka?

Hata hivyo Jumapili nikafunga kifurushi cha nguo zangu, nikakiweka karibu na lango la uani kwa mzee, nikaanza kugawa mikate.

Walikula. Nimeona watu wakila, lakini kula kule! Kiongozi wa kwaya alikula kana kwamba amefungwa mwaka mzima. Mzee akamaliza kipande cha kwanza, cha pili, akachukua cha tatu, akainua mkono watu wanyamaze.

"Mkate huu si wa siku zote. Umetia nini?"

Ningeweza kusema ni ufundi tu, na yangeisha. Lakini mtu akinisifu mdomo wangu huwa haunisubiri.

"Mzee, hamira imekwisha mji mzima. Wengine wote wamefunga. Mimi peke yangu nimepata akili. Nimetia ulanzi."

Kiongozi wa kwaya alikuwa na kipande mdomoni, hakukitoa wala hakukimeza. Mzee mmoja alifuta ulimi kwa mkono wa koti. Na hapo hapo nje lori likapiga honi. Nikajua yamekwisha: mke sina, mkate nao umeniaibisha, kilichobaki ni kupanda lori.

Mzee hakuniangalia. Alinusa kipande chake, akamega kidogo, akatafuna polepole, macho amefumba.

"Wa siku tatu," akasema.

"Naam, mzee?"

"Mkangafu wa siku tatu, tena wa mianzi ya bondeni. Ungetia wa siku mbili. Huu unaacha uchachu nyuma ya ulimi."

Nilishangaa. Nasema wazi: nilishangaa mpaka sinia likaniponyoka. Nyuma ya ukuta wa jiko mama mkwe, ambaye kwa heshima hatukuwa tunaonana uso kwa uso, akaangua kicheko.

"Ataachaje kujua! Miaka kumi na miwili kagema huyo! Mimi kanioa mikono inanuka mianzi!"

"Mke wangu, nyamaza."

"Sinyamazi, leo Pasaka!"

Mzee akakohoa. "Nilibatizwa, nikaacha," akawaambia wenzake. "Ila ulimi maji hayakuufikia." Wakacheka wote, hata yule wa koti. "Moto umeshautoa ulevi. Kuleni." Kiongozi wa kwaya akameza.

Honi ikalia tena, kisha dereva akaingia mwenyewe. Akachukua kipande bila kukaribishwa.

"We bwana, unakuja huji?"

Nikamtazama mzee. "Siendi. Nitaoka mikate. Na binti bado namtaka, mzee, huo ndio ukweli wangu."

"Mia na ishirini unaziacha?"

"Naziacha."

"Una wazimu wewe."

"Anao," dereva akasema, mdomo umejaa. "Lakini nifungieni miwili ya njiani." Akaondoka nayo, na mizani ikaenda naye.

Mzee akazungusha fimbo yake. Nilikuwa nimeshainama kuokota kifurushi changu.

"Weka chini," akasema. "Mimi kugema niliacha kwa ajili ya Mungu. Kwa ajili ya mizani nisingeacha." Kisha akarudia sauti yake ya kanisani. "Ila binti yangu hanyeshewi. Juu ya mahari utaleta shilingi mia na hamsini za bati, nitaziona bati zenyewe kabla ya harusi. Na faini thelathini, kwa kuwalisha wazee wa kanisa ulanzi bila kuwaambia."

"Nimekubali, mzee."

"Na sasa hivi nenda kaninunulie kibuyu cha siku mbili. Wa mkate tu! Nikuonyeshe tofauti."

Nilikwenda mbio. Wanaonijua huniuliza mpaka leo kubaki na mkate kulinigharimu kiasi gani, na hupenda kunikokotolea ile mishahara ya Mbalizi. Mimi hela ambayo sikuipokea siihesabu. Nahesabu iliyotoka mfukoni mwangu, pamoja na ya kile kibuyu: shilingi mia moja na themanini, na senti hamsini.