Wenye Nyumba Wametoka

Mama yangu alikaa Toronto mwezi mmoja, akasema basi. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunja kanga zake kitandani, akaniambia bila hata kunitazama, "Jumamosi nirudishe kwangu, mwanangu. Mwezi mzima sijavuka kizingiti cha mtu. Hapa mnasalimiana kwenye lifti, mlango ukifunguka kila mtu na njia yake."

Tulikuwa tumekubaliana atakaa mpaka majani yapukutike. Nikaenda bafuni nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Nilishazoea kutoka kazini na kukuta fleti yetu ya mtaa wa Dixon inanukia maandazi, na kuna mtu wa kunigombeza kwa kuchelewa. Nilimtaka abaki, basi.

Ndipo likanijia wazo. Nikamwambia kesho yake nitampeleka kwenye nyumba kubwa ya tajiri mmoja, yenye bustani ya kuchosha macho. Sikumweleza kwamba siku hizi nyumba ile ni makumbusho. Nilidhani mtu ataelewa tu, maana tangu lini mimi nikajuana na matajiri?

Asubuhi nikamkuta amevaa gauni alilovaa kwenye harusi ya dada yangu, kilemba juu, kapu mkononi. Ndani ya kapu mlikuwa na sukari, mkate, na vitumbua kwenye hotpoti, juu vimefunikwa kwa kanga.

"Mama, vya nini vyote hivi?"

"Kwa watu unaenda mikono mitupu? Ndivyo nilivyokulea?"

Nikalibeba kapu. Kwenye basi kapu lilikaa kwenye kiti chake, mimi nikasimama.

Bustani ilimshinda. Vichaka vilikatwa vikawa mipira na pembe, nyasi zimenyolewa, njia za kokoto zinazunguka bila kufika popote. "Ardhi yote hii, hata tuta la mchicha hakuna," akasema. "Hawa watu wanakula nini?" Kwenye chemchemi alisimama mtoto wa jiwe, uchi. Mama akageuza uso. Baridi ya nchi hii, alisema, na wameshindwa kumvisha hata fulana.

Mlangoni akapiga hodi. Mlango wenyewe uko wazi, watalii wanatupita kuingia, yeye kasimama palepale na hodi yake. Mara ya tatu akatokea mwanamke wa makamo, gauni la kizamani linaburuza chini, aproni, kofia nyeupe ya marinda. Ndiyo kazi yao pale, kujifanya watumishi wa enzi zile, na hawatoki kwenye mchezo hata uwatekenye. Akakunja goti, akatuambia kwa Kiingereza cha mapambo kwamba bwana na bibi wametoka na gari la farasi, wamekwenda mjini.

"Anasemaje?"

"Anasema wenye nyumba wametoka."

"Basi tutawasubiri."

Viti vya sebuleni vilizungushiwa kamba. Mama akaitazama kamba, akaniuliza kama humu ndani wanafuga mbuzi. Akaketi kwenye benchi la ukumbini, kapu mapajani, mgongo wima. Watalii wakawa wanampiga picha, wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho, na yeye anawapungia mkono. Kupitia mlango wa chumba cha kulia tuliona meza imeandaliwa, kuku mzima wa plastiki katikati. Muda ukapita. Yule mwanamke alipita na ufagio, akapita tena.

"Kuku wao anapoa," Mama akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Hata hapa. Hata chai hakuna."

Nikashindwa. Nikamnong'oneza, "Mama, wenye nyumba hii wamekufa. Wote wawili, zamani."

"Wamekufa? Na wewe umeniacha nimeketi hapa na kilemba kama niko kwenye sherehe?"

Akavua kilemba, akatoa kanga kapuni, akajitanda. Nilitamani sakafu ipasuke. Akamwendea yule mwanamke, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwambie pole sana. Mwambie hatukupata habari, tungekuja mapema." Akamkabidhi sukari. "Hii ya chai ya wafiwa."

Nikatafsiri, nifanyeje. Yule mwanamke akaanza tena habari za gari la farasi, akaishia katikati. Akaitazama sukari. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu wa mjini, kwamba miaka yote aliyofanya kazi pale watu humuuliza choo kiko wapi. Hakuna aliyewahi kumpa pole kwa ajili ya watu hawa. Macho yake yalilowa, akayafuta kwa aproni.

Akatushusha jikoni kwa wafanyakazi, akachemsha chai. Mkate na vitumbua vikaisha. Mama akauliza kila kitu: bwana alikuwa mkali? Bibi aliuguzwa na nani? Watoto wako wapi sasa? Nilitafsiri mpaka ulimi ukachoka, na Mama anatikisa kichwa kwa huzuni, amefurahi kuliko nilivyomwona mwezi mzima.

Kwenye basi la kurudi, kapu tupu, nikajikaza. "Sasa Mama, ile tiketi ya Jumamosi."

"Jumamosi ipi? Leo nimehani msiba, niondoke kabla ya arobaini? Watanionaje?"

"Mama, wale wamekufa tangu enzi za farasi."

"Hayo ni yao," akasema, akigeukia dirishani. "Mimi habari nimeipata leo."