Sinia la Pilau Nyuma ya Rauta

Nichekeni sasa hivi, mmalize kabisa, ndiyo nianze, maana kisa hiki dada yangu Rehema humsimulia kila mgeni anayekanyaga nyumbani, na kila akisimulia anaongeza chumvi, kwa hiyo afadhali mkisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Siku hiyo Rehema alikuwa anaposwa, hapahapa kwetu Kilosa. Mchumba ni Lameki, kijana wa Kisukuma, kwao ni njia ya kwenda Dumila, wanafuga na wanalima mpunga, na Wasukuma na sisi Wakaguru ni watani, kwa hiyo utani ulianzia getini. Sasa, kwetu binti ni wa mjomba. Baba yetu hata angekuwa hai (Mungu amrehemu) angekaa pale na koti lake, lakini neno "chukueni" hulitamka kaka yake mama, na posa ikirudi bila neno hilo tunaihesabu imekataliwa. Rehema alikuwa amesubiri siku hiyo miaka mitatu. Na mjomba wetu, Mjomba Elia, yuko Mamboya mlimani, wiki ileile kateguka mguu shambani, hawezi kupanda gari.

Mama akasema, "Yona, si umpigie tu simu, uweke spika, wakwe wamsikie?"

Ningejibu sawa mama, leo nisingekuwa na kisa. Lakini mimi ni fundi simu wa pale stendi, laptop ninayo, waifai nimeifunga nyumbani kwa mbwembwe zote, nikaona simu ni ushamba. Nikamwambia, "Mama, watu wanataka kumwona mkwe wao usoni. Mwachie mtaalamu." (Mtaalamu! Hata sasa natamka neno hili nikiangalia chini.)

Shida ilikuwa waifai yenyewe. Rauta iko chumbani kwa mama kwa sababu waya wake unaingilia dirishani kwake, na mama kwa mapenzi yake akaitia kabatini, nyuma ya vikombe vya harusi yake, akaifunika kitambaa cha kufuma isipate vumbi. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, kuta nene, hivyo ukifika sebuleni laptop inaonyesha mstari mmoja, na huo mmoja nao ni wa kubembeleza.

Wageni wakafika, shikamoo, marahaba, wakaketi. Nikampigia mjomba kwa video kwenye simu ya mwalimu jirani yake, akatokea na kofia yake, akasema "Wakwe, karibu—" akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Wageni wakamtazama kwa adabu mpaka Mzee Masanja, baba yake Lameki, akauliza, "Anataka kupiga chafya?"

Nikaanza kazi. Nikahamishia laptop kwenye meza iliyo karibu na korido, wageni wakanifuata na viti vyao. Nikakimbilia chumbani, nikaitoa rauta kabatini, nikaivua kitambaa, nikaipandisha juu ya kabati, mistari miwili. Nikakumbuka niliwahi kusoma kwamba ukiweka bati nyuma ya rauta mawimbi yanasukumwa upande unaoutaka, nikaingia jikoni nikabeba sinia kubwa la wageni, mama akapiga kelele, "Yona, hilo la pilau!", lakini mimi huyoo, nishaliegemeza ukutani nyuma ya rauta. Mistari minne!

Kurudi sebuleni, mjomba anaonekana mpaka mvi za kidevuni. Mzee Masanja akavua kofia, akasimama, akasema, "Mzee Elia, tumekuja kumwomba binti yako Rehema." Tukasubiri. Mjomba kimya. Kainama kidogo, mdomo nusu wazi, hata hapepesi macho. Nikaona vidole vya Rehema vimeling'ang'ania pazia la korido alipojificha, nikasema lo, amekwama tena, na posa ndiyo inaharibika hivi.

Basi ili wageni wasichoke (na kusema kweli napenda kuchekwa nikiwa mimi ndiye nachekesha), nikasimama pembeni ya laptop nikauiga ule uso, kichwa chini, mdomo nusu. Wakaangua kicheko, Mzee Masanja akafuta machozi, nami kicheko kikanilevya. "Na msidhani mtandao ukirudi atasema kitu," nikawaambia, "mjomba wangu huyu huongea mara mbili kwa mwaka, Krismasi na siku akiibiwa mbuzi. Mimi mpwa wake nasema kwa niaba yake, chukueni! Mama, leta pilau!"

Laptop ikajibu, polepole, "Na hiyo pilau mtapakulia kwenye nini, na sinia umelipeleka chumbani?"

Jamani. Mama mlangoni na mwiko wake, na mimi mdomo wangu bado uko nusu wazi. Kumchukulia mjomba neno lake, yeye yu hai na anakutazama, kwetu hilo si mzaha. Nikapata kusema tu, "Shikamoo mjomba." Hakuniitikia.

Akamgeukia Mzee Masanja. "Mtandao haukukata. Ulipomtaja Rehema nikakumbuka nilivyombeba mgongoni kushuka naye mlima, ana degedege, mvua inatunyeshea. Leo nimtoe kwa neno moja, tena ndani ya simu ya kuazima? Neno lilinikwama hapa." Akagusa koo.

Rehema akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti mbele ya laptop.

"Unamtaka huyu?"

"Namtaka, mjomba."

Akakaa, akakaa, safari hii hakuna aliyethubutu hata kukohoa. "Haya. Chukueni."

Vigelegele! Na Mzee Masanja, mtu na busara zake, akasema, "Mzee Elia, tulipocheka ulikuwa hujajibu, kwa hiyo tulikuwa bado watani, na mtani haulizwi. Kuanzia sasa ni wakwe, tumefunga midomo. Ila huyu kijana wako si mtani wako, huyo mmalizane wenyewe."

Sinia halikuguswa, mama aligoma kabisa kwamba likitolewa kaka yake atapotea, kwa hiyo wakwe walikula pilau kwenye vifuniko vya sufuria huku mjomba akiwatazama.

Nami nikaenda Mamboya na jembe langu. Siku ya kwanza shikamoo, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, nimemaliza kupalilia maharage yake yote, mgongo unalia, nikamkuta barazani kanyoosha mguu. "Shikamoo mjomba." Kainama, mdomo nusu wazi, hapepesi. Nilijua uso ule sasa. Nikaketi chini, sikutania, sikumsemea neno, nikasubiri mpaka lifike.

"Marahaba, mjomba," akasema.