Kesho Asubuhi Ningeanza

Siku karani wa utafiti alipoingia bomani kwetu, nje kidogo ya Oyugis, nilikuwa jikoni nikimenya viazi vitamu. Mama ndiye aliyemkaribisha. Karani alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mvua, na kishikwambi chake alikuwa amekifunga kwa karatasi ya nailoni. Alieleza kwamba serikali ilitaka kujua hali ya kazi nchini, na boma letu lilikuwa limechaguliwa bila upendeleo wowote.

Mama alijibu maswali vizuri kwa lugha yetu hadi zamu yangu ilipofika. "Huyo alimaliza chuo," akasema haraka. "Hana kazi. Anakaa tu."

"Mama, samahani," karani akasema kwa upole. "Huyu ni mtu mzima. Wacha anijibu mwenyewe."

Nikatoka nikifuta mikono kwenye leso. Aliniuliza kama katika siku saba zilizopita nilikuwa nimefanya kazi yoyote ya kunipa kipato, hata kwa saa moja. Nikasema hapana. Akauliza kama katika wiki nne zilizopita nilikuwa nimetafuta kazi. Hapo nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimezunguka na vyeti vyangu Homa Bay na Migori mpaka bahasha ikachanika, kisha nikaacha.

"Hapana," nikasema.

"Na ukipata kazi leo, uko tayari kuanza?"

"Kesho asubuhi," nikajibu.

Mama akageuka. "Mimi nilidhani hutaki tena."

"Nimechoka kutafuta, mama. Kazi yenyewe naitaka."

Hatukuwa tumewahi kuzungumza hivyo. Mama akaenda kumwekea mgeni chai.

Tulipokuwa tukinywa, nilimuuliza karani mtu kama mimi huhesabiwa wapi. Alinieleza kwamba serikali huanza na kila mtu wa miaka kumi na mitano hadi sitini na minne: hao ndio wenye umri wa kufanya kazi. Kisha huangalia ni wangapi kati yao wako kazini, na ni wangapi wanatafuta. Waliobaki huwekwa nje ya nguvu kazi.

"Kwa hivyo mimi hata kwa wasio na kazi simo?"

"Hata kwao humo, kwa sababu hutafuti. Ndiyo maana wakisema ukosefu wa kazi umepungua, lazima pia tuulize: kati ya wote wenye umri wa kufanya kazi, walio kazini ni wangapi? Hapo pengo lako linaonekana."

Kabla ya kuondoka aliniambia kwamba makarani wa utafiti unaofuata wangetafutwa hivi karibuni, na tangazo lingebandikwa kwa chifu. "Hiyo si ahadi," akasema. "Lakini nenda uangalie."

Nilienda kila siku ya soko. Tangazo lilipotoka niliomba, nikahojiwa Homa Bay, nikachukuliwa na kupelekwa Kehancha, ambako watu huzungumza Kikuria, nami sikujua neno lake hata moja.

Huko nilipewa mwelekezi, mama mmoja mkulima wa tumbaku. Siku za kwanza watu walitufungia milango wakidhani tumetumwa na watu wa kodi. Yeye alibisha tena, akanitambulisha kwa maneno aliyonifasiria baadaye: "Huyu ni mtoto wangu, ametoka upande wa ziwa." Walifungua. Mvua ilipotukatia njia, alinilaza kwake na kunipa maziwa ya mgando hadi nikashindwa kuinuka. Wake wa boma waliposema hawafanyi kazi, huku vidole vyao vikifunga majani ya tumbaku, alinisaidia kuwauliza tena kwa lugha yao, na majibu yakabadilika.

Kazi ilipokwisha alinifungia kuku nimpelekee mama. Tangu hapo nimekuwa nikiitwa kwenye tafiti nyingine, na katikati yake nauza viazi katika soko la Rodi Kopany.

Siku niliyorudi na yule kuku, mama alitaka nimpigie simu mwenyeji wangu mara moja. Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu, na cha yule mwingine hakikuwa kingi zaidi.

"Asante kuniwekea mtoto," mama akapaza sauti, kana kwamba Kehancha ni ng'ambo ya mto.

"Mtoto yetu," nikasikia upande wa pili. "Amekula?"

"Anakula sasa!"

Wakacheka wote wawili, nami nikiwa na mdomo umejaa.